Kidonge Kilichorudi Kizima

Tumbo langu lilianza kunipiga miaka mingi kabla mkono wangu haujatetemeka. Nasema kunipiga kwa sababu sina neno jingine. Wakati huo nilikuwa bado nasomesha madrasa hapa Temeke, mtu mwenye nguvu zake, nikisimama mbele ya watoto tangu Alasiri hadi Magharibi bila kuhitaji kiti. Lakini chooni nilikuwa mtu mwingine. Nilichuchumaa humo mpaka miguu ikafa ganzi, nikipiga ukuta kwa ngumi, jasho likinidondoka puani, na nilipotoka sikuwa nimeacha kitu ila matone ya damu. Siku zilipita hivyo, tumbo likivimba na kuwa gumu, na ndani yake gesi ikipigana kama paka wawili kwenye gunia.

Mke wangu alinipa ukwaju, papai na mbegu zake, mafuta ya mbarika. Mwisho alinipa chumvi ya haluli. Haluli ilinirarua. Ilinitoa chooni nikitambaa, ikanilaza sakafuni kutwa nzima, kisha tumbo likajifunga tena kama mlango uliopigiliwa misumari. Wazee wenzangu msikitini walisema ni chango, na kila mmoja alikuwa na mzizi wake. Nilikunywa yote. Nilisema alhamdulillahi, wengine wanapewa mtihani hadharani, mie nimepewa wa ndani, ambao mtu anaweza kuufungia mlango.

Katika miaka hiyohiyo pua yangu nayo ilikufa. Mke wangu alikuwa akifukiza udi kila Alhamisi jioni, nami nikamwambia muuza udi amemwibia, kamuuzia kuni. Alininusisha kanga yake. Sikusikia kitu. Tulicheka.

Nayaeleza haya ya tumbo kwanza, ingawa si mambo ya kuelezwa na mtu wa umri wangu, kwa sababu ni kwa ajili ya tumbo hili jirani yangu alipigwa na kuunguzwa mbele ya mlango wangu, akakaribia kuuawa, na aliyeanza kumpiga ni mwanangu.

Mkono ulianza na chaki. Herufi zangu ubaoni zikawa ndogo, kila mstari mdogo kuliko uliotangulia, hadi watoto wa nyuma wakalalamika. Kisha kidole gumba kikaanza kusugua kidole cha shahada, chenyewe tu, kama mtu anayevuta tasbihi isiyokuwepo. Uso ukakakamaa, watoto wakadhani nimekasirika muda wote. Sauti ikashuka. Katika hospitali kubwa ya mjini, daktari, binti wa umri wa mjukuu wangu mkubwa, alinitembeza huku na huku, akanikunja na kunikunjua mikono, akasema huu ni ugonjwa wa Parkinson. Alieleza kwamba ubongo umepungukiwa na kitu kinachoviamuru viungo, na vidonge vitaurudishia. Kisha akauliza, "Na choo, mzee, unapata vizuri?"

"Alhamdulillahi," nilisema.

Akaendelea na swali jingine. Ningemwambia nini? Mtoto wa watu, kajitanda mtandio wake vizuri, nimtolee habari za chooni mwangu? Kwetu mtu akiulizwa hali husema alhamdulillahi hata akiwa amelala kwenye machela.

Kwenye dirisha la dawa waliniambia vidonge vile vya buluu vinywewe kabla ya kula. Nyumbani mke wangu hakukubali. "Dawa kali hivyo kwenye tumbo tupu? Unataka ikutoboe utumbo?" Sijapata kuona nyumba ya huku kwetu ambamo mgonjwa anapewa kidonge kabla hajatia kitu tumboni. Mtoto akiwa na homa analazimishwa uji kwanza, hata kwa kufinywa pua. Kwa hiyo kidonge changu cha asubuhi kilisubiri chakula, na chakula changu cha asubuhi kilitoka kwa jirani.

Alikuwa mjane, mtu wa kusini kama sie, nyumba yake ikitazamana na yetu, katikati uchochoro ambao bajaji hupita kwa kubembeleza. Kila asubuhi aliweka meza barazani kwake, chini jiko la mkaa na sufuria kubwa ya mbaazi za nazi, juu beseni la maandazi. Tangu tulipohamia, sahani ilikuwa ikivuka uchochoro ule. Ikitoka kwake na mbaazi, inarudi kwake na ndizi, au viazi, au kipande cha samaki. Kumrudishia mwenzako sahani tupu ni kumtukana, na wake zetu waliishika desturi hiyo kama sala. Nilipougua, alizidisha. Alisikia kwamba mgonjwa anahitaji nguvu, akawa ananipakulia zile nzito za chini ya sufuria, tui limeganda, mara nyingine akizitia dagaa. Alileta mwenyewe.

"Shikamoo mwalimu. Kula zote, sitaki kuona zimebaki."

"Marahaba. Unaninenepesha unichinje?"

"Nikuchinje una nini? Mifupa na kanzu."

Nilikula zote, na kidonge nikakishushia na mbaazi hizohizo. Kisha nikawa jiwe. Vidole vya mguu wa kushoto vilijikunja chini kama mtu anavivunja kimoja kimoja. Paja lilikaza, kiuno kikafuata, shingo ikaganda, mate yakanitoka na mkono wa kuyafuta ukakataa kuja. Nilikaa hivyo mpaka karibu na Adhuhuri, nikisikia maumivu yakinipiga ndani kwa ndani na uso wangu hauonyeshi lolote. Lakini jirani aliposafiri kwenda Lindi kwenye arobaini ya shemeji yake, nikabaki na chai kavu na kipande cha muhogo, asubuhi haijaisha nilikuwa nikitembea mwenyewe hadi msikitini, nikisalimia watu. Akarudi kutoka Lindi. Sahani ikavuka. Nikawa jiwe.

Mke wangu aliliona hilo kabla ya mtu mwingine, akalinyamazia. Mwanangu wa kwanza, mpakiaji wa bandarini, mtu wa mikono mizito na moyo mwepesi, hakulinyamazia.

"Akisafiri mzee anatembea. Akirudi mzee anakuwa gogo. Sasa nyie mnataka nini tena, malaika ashuke awaambie?"

"Usiseme hivyo," mama yake alimwambia. "Huyo ni jirani."

"Jirani ndiye anayekupata, mama. Wa mbali atakufikia wapi?"

Nilisema aache. Sauti yangu ilikuwa imeshuka kiasi kwamba nadhani neno halikufika hata kwenye ndevu zangu. Au lilimfika, akaamini kwamba hata ulimi nimefungwa.

Siku moja mchana alimleta mtaalamu wake, mganga mnene mwenye simu mbili na mkoba wa ngozi. Mie niliyewafundisha watoto wa mtaa mzima kwamba kumwendea mpiga ramli ni kuiuza imani, nilikuwa nimekaa mkekani nimekakamaa, mbaazi za asubuhi zimenisimama kifuani. Nilijaribu kusema hapana. Yakatoka mate.

"Mlazeni," alisema.

Mwanangu alinilaza chali, akaniwekea magoti mabegani. Alikuwa analia, machozi yake yakinidondokea usoni. "Nisamehe baba. Vumilia kidogo. Nisamehe." Mtaalamu alinichomeka mwiko katikati ya meno na kuupindua. Jino moja likavunjika, nikalisikia likilia ndani ya kichwa changu. Akamimina dawa nyeusi, akaniziba pua. Nilimeza ili nisife. Hapo tumbo langu, ambalo kwa miaka lilikataa kutoa kitu kwa njia yake, likatoa kwa njia nyingine. Nilitapika mpaka macho yakaingia giza.

"Mgeuzeni, atapaliwa," mke wangu alisema, naye ndiye aliyenigeuza, akanielekeza kwenye beseni.

Mbaazi zilitoka karibu kama nilivyozimeza asubuhi. Na katikati ya mbaazi kilikuwepo kidonge cha buluu, kingo zake zimelika kidogo tu, kizima. Nilikiona. Mtaalamu aliingiza mkono kwenye beseni, na mkono ulipotoka ulikuwa na fundo la nywele limefungwa uzi mwekundu.

"Hiki hapa," alisema. "Kimekaa tumboni kinakula dawa za hospitali. Ndiyo maana hazimsaidii. Kimeletwa na mkono unaovuka mlango huu kila asubuhi."

Hakutaja mtu. Wenye kazi ile hawataji, wanawaachia wenyeji wamalizie. Watu wote mle chumbani walikuwa wanazitazama nywele. Mie, shavu langu likiwa ndani ya matapishi, nilikuwa nakitazama kidonge. Kiliingia tumboni tangu asubuhi, na mpaka saa hiyo kilikuwa hakijafika popote.

Asubuhi iliyofuata sikuweza kula. Koo lilikuwa limechubuka, na palipovunjika jino damu ilikuwa haijakatika. Mke wangu, kwa kunihurumia tu, alinipa kidonge kwa maji matupu, akanikalisha kwenye kiti mlangoni nipate jua. Nilikuwa nimeganda. Ng'ambo ya uchochoro moshi wa jiko la jirani ulikuwa unapanda. Hakuwa na habari ya lolote. Alipakua sahani yangu kama siku zote, akaifunika na sahani nyingine, akavuka.

"Shikamoo mwalimu. Mbona leo mdomo umevimba?"

Mwanangu akatokea nyuma yangu. Siku hiyo hakwenda bandarini. Aliipiga ile sahani kwa mkono, ikaruka, ikapasukia ukutani, mbaazi za moto zikanirukia usoni.

"Umemlisha nini baba yangu?"

"Mbaazi, mwanangu. Nimlishe nini?"

"Mie si mwanao. Jana nywele zimemtoka tumboni. Za nani?"

Alicheka. Si cheko la dharau, ni lile la mtu anayengoja kuambiwa kwamba ni utani. Mwanangu akamchapa kofi, akaanguka, kichwa kikagonga kizingiti changu.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda hawako mbali na kwetu. Walifika kabla vumbi halijatua. Nilimsikia mmoja akiuliza, huku ameshaokota jiwe, "Kaiba nini?"

"Hajaiba. Mchawi."

"Ahaa." Akamrushia.

Walimburuta kwa kanga yake mpaka barazani kwake. Walimpiga kwa fimbo, kwa mateke, kwa mguu wa meza yake walioung'oa. Aliyataja majina yao, mmoja mmoja, kwa kuwa wengi walikuwa wateja wake, na kila aliyetajwa alipiga kwa nguvu zaidi. Mtu akasema, "Mmwagieni zake mwenyewe." Nani aliinyanyua sufuria sikumwona. Polisi baadaye walinihoji sana juu ya hilo na jibu langu ni lilelile. Tui linalochemka halimwagiki kama maji. Linanata. Lilimshika kuanzia shingoni, likamtelemka mkono wote wa kulia, na sauti iliyomtoka haikuwa na neno ndani yake.

Kisha kijana mmoja akaanza kufungua tangi la pikipiki yake. Alikuwa ametafuta chupa. Wote tulijua chupa ile ni ya nini.

Mie niko kwenye kiti. Moyoni nilikuwa nasema, ya Rabi, nipe mguu mmoja, au chukua macho haya. Ndipo kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kikajikunjua. Naijua dawa inavyoingia. Inaanza vidoleni, halafu joto linapanda muundi wa mguu, linafika kiunoni, na mwisho kifua kinafunguka kama mtu uliyembeba mgongoni ameshuka. Kwa kawaida ilikuja kwa kuchelewa na kwa kujivuta, siku nyingi haikuja kabisa. Asubuhi ile ilikuja kwa nguvu zake zote. Nilisimama. Nilikimbia mbio zetu sie wenye ugonjwa huu, hatua fupifupi, mwili umetangulia na miguu inaufuata usianguke, mbio zisizo na breki. Niliwapasua katikati na kumwangukia mama yule.

Kiatu kilichonipata ubavuni kilikuwa cha mwanangu. Nilikijua kwa kamba zake za njano, viatu vya kazi vya bandarini. Kilikuwa kimeshaondoka kabla hajaniona. Ubavu ulilia.

Kelele zikakatika. Halafu mmoja akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mnaona? Leo hajala chake, katembea."

"Kakimbia, siyo katembea."

"Basi ni kweli."

Maneno hayo yaliniumiza kuliko kiatu. Nimeinuliwa nimwokoe, na kuinuka kwangu ndiko kulikokuwa kunamhukumu. Nilimlalia, ngozi ya mkono wake ikiganda kwenye kanzu yangu, nikasema kwa sauti iliyonijia siku ile kwa rehema tu, "Basi tuchomeni wote wawili."

Wengi wao walijifunza alifu kwangu. Yule wa petroli nilimfundisha mwaka mzima kuandika jina lake. Alisimama na chupa yake, hakujua aiweke wapi, mwisho akairudisha petroli kwenye tangi kama mtu anayemimina chai. Hapo ndipo alipofika mjumbe wa shina letu, mama mfupi asiyeogopa mtu, akiwa na mgambo wawili, akawatawanya kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Yeye ndiye aliyempakia jirani yangu kwenye bajaji.

Mwanangu alikamatwa mchana huohuo, baadaye akatoka kwa dhamana. Mtaalamu hakuonekana tena, na simu zake zote mbili zikawa hazipatikani. Jirani alilazwa muda mrefu, akitolewa maji na kubanduliwa ngozi, kisha dada yake akampeleka kwake Mbagala. Mlango wake uliandikwa kwa mkaa neno ambalo watu waliogopa hata kulifuta. Mke wangu alilifuta. Likaandikwa tena.

"Nikimrudisha," mjumbe aliniambia, "watamchoma mchana kweupe. Mtaa mzima ulikuona ukisimama siku ambayo hukula chake. Mie nitawaambia nini?"

Nyumba ile alijenga na marehemu mumewe, tofali kwa tofali. Sikutaka kitu kingine duniani ila arudi humo na alale salama.

Nilipopelekwa hospitali kwa ajili ya ubavu, nilimtafuta yule binti daktari. Safari hii nilimweleza yote. Miaka ya kuchuchumaa, damu, ngumi ukutani, haluli, udi nisiousikia, sahani ya kila asubuhi, na kidonge nilichokiona kwenye beseni. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mzee, kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Niliona haya."

Alivuta kiti akakaa karibu. Aliniambia kidonge hakifanyi kazi tumboni, tumbo kwake ni njia tu, kazi yake inaanza kikifika kwenye utumbo mwembamba. Ugonjwa huu haushiki mikono peke yake, unalegeza na tumbo, likakaa na chakula kama mtu aliyesahau alichotumwa. "Sasa kidonge kikifika kwenye mlango wa kuingilia damuni kinakuta mbaazi. Mbaazi, maharage, nyama, dagaa, vyote vina protini, na protini inagombania mlango uleule. Dawa inabanwa inabaki nje."

"Na kubaki kwake nje?"

"Huko nako hakuko salama. Utumboni mna bakteria wengi mno, mzee. Wengi wao ni wema, wanakusaidia kusaga chakula. Lakini wamo wanaoweza kuila hiyo dawa kabla haijapita. Kila ikichelewa wanapata nafasi."

Alisema pia kwamba kule kukosa choo na kufa kwa pua, miaka yote ile, huenda ndio ulikuwa mwanzo wenyewe wa ugonjwa. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba kwa baadhi ya watu huanzia tumboni ndipo ukapanda kichwani, ila bado wanabishana.

"Kwa hiyo yule mtu alisema kweli," nilimwambia. "Kimo kitu tumboni kinachokula dawa."

Alijiziba mdomo kwa mtandio, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Alipatia, mzee. Ila wewe usiniletee huyo hapa."

Njiani nilifikiri juu ya viumbe hao. Umma mzima, wenye riziki zao, nimeubeba tumboni, nimesujudu nao maisha yangu yote na sikuwa na habari. Nilimshukuru Muumba wao. Halafu nilifikiri namna ya kuwaeleza vijana wa kijiwe, nikaona kwamba maneno hayatatosha.

Nilimweleza mjumbe, naye alikuwa na wazo. "Tumlete, apike, wewe kunywa dawa yako mapema kama ulivyoelekezwa, ule mbele yao, utembee. Kwisha."

"Watasema ameogopa, kauondoa uchawi wake," nilimwambia. "Lazima nianguke. Nianguke kwa mkono wa mtu ambaye hawawezi kumshuku."

"Nani huyo?"

"Mwanangu."

Sikumwuliza daktari, kwa kuwa angenikataza. Mke wangu alikataa kabisa, akalia, mwisho akaniletea mkeka.

Tulikusanyika barazani kwangu Jumamosi asubuhi. Mbaazi zilinunuliwa Tandika na yule kijana wa petroli, mjumbe ndiye aliyemtuma kwa makusudi. Mwanangu alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi mbele ya watu wote, vijana wakimtania kwamba anakuna kama anapakua magunia. Akapika mwenyewe. Alipika vibaya, mtu mmoja akaonja na kutema. "Chumvi hii yenyewe ni uchawi."

Kidonge cha alfajiri nilikuwa nimekinywa kwa maji, kwa hiyo walipofika nilitembea, nikawapa mkono mmoja mmoja, waone kwamba mie ni mzima. Ulipofika wakati wa kidonge kinachofuata nilikiweka ulimini mbele yao, na mwanangu akanilisha mbaazi zake, kijiko kwa kijiko, hadi sahani ikaisha.

Tulingoja. Watu walizungumza habari za mpira. Kisha ikaja.

Sijui kama ni kwa sababu niliiita, lakini ilikuja na hasira. Mguu ulijisokota mpaka unyayo ukatazama juu. Vidole vikajikunja, kitu kikalia kwenye kifundo. Kiuno kilikaza kama kamba inayobana mzigo, shingo ikavutwa nyuma, meno yakafungana na ulimi uko katikati, damu ikanijaa mdomoni. Nilianguka ubavuni, uleule uliokuwa haujapona. Mwanangu aliniinua kichwa, kijiko kikiwa bado mkononi mwake. "Baba. Baba, ni mie. Sijakutia kitu. Wallahi sijatia kitu." Alikuwa anawaambia wao, si mie.

Mjumbe alisimama. "Haya. Mbaazi kanunua huyu. Nazi kakuna huyu. Kapika huyu, kalisha huyu, nyote mna macho. Mwalimu huyo hapo, gogo. Sasa tumpige nani?"

Kijana mmoja wa nyuma alisema, "Tumpige mpishi, kazidisha chumvi." Hakuna aliyecheka. Yule wa petroli aliinuka akaenda zake bila kuaga. Mwanangu aliniweka kichwa mkekani taratibu, akakaa vumbini, akaanza kujipiga usoni kwa ngumi, kwa nguvu zilezile alizompiga nazo mama wa watu, mpaka pua ikatoa damu, mpaka mjumbe na mama yake wakamshika mikono, mmoja huku na mmoja huku.

Mahakamani alikiri. Mke wangu aliniomba nimwendee jirani, nimwombe amsamehe mtoto kesi ifutwe. Nilimwambia mkono wa jirani ukinyooka nitakwenda. Hakunisemesha kwa muda mrefu, na nilimwelewa. Mwanangu amefungwa, ninamwombea katika kila sala, na naamini Mola amemwekea huko kitu cha kujifunza ambacho mie nilishindwa kumfundisha.

Jirani alirudi. Mjumbe alikwenda Mbagala kumchukua, na siku ile wanawake wa uchochoro walifagia baraza lake na kuupaka mlango rangi. Mkono wake wa kulia umejikunja kwenye kiwiko haukunjuki, ngozi inang'aa. Anapakua kwa mkono wa kushoto. Anauza kama zamani, na vijana wa kijiwe wananunua kwake, macho chini.

Lakini sahani haivuki tena. Siku ya kwanza mke wangu alimpelekea ndizi, akazipokea, akashukuru, akarudisha sahani tupu. Mke wangu alirudi nayo ameikumbatia kifuani, akaiosha ingawa ilikuwa safi.

Kwa hiyo ninavuka mie. Kidonge nakinywa kwa maji baada ya sala ya Alfajiri, nangoja mpaka vidole vikunjuke na joto lifike kiunoni, ndipo nakwenda kwake kununua kama mteja yeyote. Haniletei maneno ya mifupa na kanzu.

"Shikamoo mwalimu. Umeshakunywa dawa?"

"Marahaba. Nimekunywa, na muda umepita."

"Kaa hapo ule nikuone."

Hanifungii nikalie nyumbani, hata nikimwomba. Ananikalisha kwenye benchi upande wa njiani, mahali ambapo kila apitaye ananiona, na haniondolei macho mpaka nimalize, nisimame na kuvuka uchochoro kwa miguu yangu. Zipo siku ambazo tumbo limechelewa tena, namaliza sahani na mguu unakataa. Siku hizo hulaza upawa wake juu ya sufuria, anakuja kusimama karibu yangu.

"Usiondoke hapa," ananiambia kwa sauti ya chini. "Usiondoke mpaka uweze."

Na tunangoja pamoja, mie nikivitazama vidole vyangu, yeye akitazama uchochoro, upande mmoja, halafu upande wa pili.